Kuku Sitini Niliowauza Kwenye Kompyuta

Somo moja la intaneti lilinigharimu baiskeli, redio ya kaseti, na mitetea wawili wa mke wangu waliokuwa wanataga. Nimeipiga hesabu hiyo mara mbili na haipungui. Aibu sijaitia humo, kwa sababu aibu haina bei ya jumla (ingekuwa nayo ningeshaiuza zamani). Nawaombeni mcheke taratibu, maana nikimaliza nitawauliza jambo.

Enzi hizo nilikuwa mwalimu wa biashara katika sekondari moja nje kidogo ya mji wa Singida, upande wa Unyambwa. Biashara ilikuwa imeshafunguliwa nchi nzima na kila mtu alikuwa anauza kitu: mwalimu wa hesabu alikuwa na maandazi, wa Kiswahili alikuwa na mitumba, na mimi niliwapatania wote bei, kwa sababu sokoni hapakuwa na mtu aliyeniuzia hata fungu la vitunguu bila kushusha pumzi kwanza. Nilikuwa na jina. Wanafunzi walinishikia adabu si kwa fimbo, ni kwa sababu waliamini Mwalimu Njiku hawezi kupigwa bei.

Ndipo intaneti ikafika mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la Mzee Rajabali, mashine sita na feni moja inayotazama ukuta. Likizo moja tukaitwa walimu kutoka shule mbalimbali kufanyiwa semina humo, tujifunze kufundishia kwa zile kurasa ambazo unaandika na mtu wa mbali anakujibu. Mwezeshaji alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, Festo, mpole, anatabasamu kwa kila kitu, hata umeme ukikatika anatabasamu. Akatuambia, "Walimu wangu, kila mmoja aandae somo ambalo wanafunzi watashiriki wenyewe. Mtaingia kwenye ukurasa wa mazoezi, mtaandika, na mimi nitawajibu kutoka mashine yangu kama mtu baki. Sitajitaja."

Basi nikaufungua ukurasa wa mazoezi, ukawa haufunguki. Unazunguka tu kama punda wa kukamulia mafuta. Pembeni nikaona ukurasa mwingine umeandikwa: WEKA TANGAZO LAKO BURE.

Bure! Jamani, mimi nina ugonjwa na hilo neno. Nikajiambia mazoezi ni mazoezi tu, huku au kule, nikaandika kwa kidole kimoja: kuku wa kienyeji wa Singida, sitini, wanene, bei nzuri, muulize Mwalimu Njiku, nikataja na shule. Sikuwa na kuku hata mmoja. Nyumbani wapo, lakini ni wa mke wangu, na kwetu kuku ni wa mama, baba ni mgeni wao.

Jumamosi nikawachukua wanafunzi kumi wa kidato cha tatu tukaenda kwa Mzee Rajabali, wakabanana nyuma ya kiti changu. Nikafungua tangazo langu, nikakuta chini yake kuna jibu: "Mimi Mama Upendo wa Dodoma. Kuku nawahitaji. Bei gani ya mwisho?" Nikacheka moyoni. Festo huyo, kajigeuza mama! Nikamtazama kule kwenye mashine yake nikamkonyeza, naye akatabasamu (baadaye aliniambia alidhani nimeingiwa na vumbi jichoni).

"Haya," nikawaambia wanafunzi, "hapa ndipo somo lilipo. Anayetaja bei ya mwisho mwanzoni amekwisha." Nikaanza na elfu moja na mia nane. Mama akajibu mia nane. Wanafunzi wakalipuka.

"Mkatalie, mwalimu!"

"Mwambie gari ni juu yake!"

Huyo wa gari alikuwa Zainabu, msichana mwembamba mwenye sauti ya mnadani. Nikaandika gari juu yake. Mama akakubali gari ila akakaza bei. Tukavutana nusu saa nzima, na ninakiri kwamba sijawahi kupatana bei kwa utamu kama siku ile, kwa sababu kuku wasiokuwepo hawaumi: unapunguza tu, roho nyeupe. Mnadani kuku alikuwa elfu moja na mia tano. Mimi, ili niwaonyeshe watoto jinsi biashara inavyofungwa kiungwana, nikamaliza kwa elfu moja. Mama akaandika, "Nimekubali. Ijumaa ijayo nakuja shuleni na pikapu." Wanafunzi wakapiga makofi mpaka Mzee Rajabali akachungulia.

"Kumbukeni," nikasema nikiwa nimeshavimba kichwa, "mkishakubaliana bei, hakuna kugeuka."

Ijumaa ikafika, shule zimeshafunguliwa, na kwa bahati yangu ndiyo siku ambayo ofisa elimu wa wilaya alikuja kuwasikiliza waliohudhuria semina, kwa kuwa kulikuwa na kompyuta mbili za kupewa shule moja tu. Mkuu wetu wa shule, Mzee Mwanja, alizitamani zile kompyuta kuliko pensheni. Nikavaa suti yangu ya harusi, nikachora kioo cha kompyuta ubaoni kwa chaki, nikaanza kuwaeleza kidato cha tatu jinsi mtu wa Singida anavyoweza kuongea na mtu wa mbali bila kupanda basi. Ofisa anaitikia kwa kichwa. Mzee Mwanja anaitikia zaidi yake.

Honi ikalia getini.

Nikaendelea. Ikalia tena, kisha mlango wa darasa ukafunguka na akaingia mama mmoja wa vitenge viwili, vumbi la barabara mpaka kwenye kope. "Hodi jamani, shikamooni wakubwa. Mwalimu Njiku ndiye yupi?"

"Ndiye huyo!" darasa zima likajibu kwa furaha. "Mama Upendo! Mama wa kwenye kompyuta!"

Chaki ikanidondoka. Nikamtafuta Festo ndani ya sura ile, sikumwona.

"Mwalimu," akasema, "unaandika mengi lakini mwishowe unashuka bei. Kuku wangu wako wapi? Matenga yako kwenye gari. Kesho napikia harusi ya watu mia tatu, mtaji wote nimeuweka kwenye hilo gari."

Ofisa akavua miwani. "Mwalimu, unauza kuku?"

"Nilikuwa nafundisha, mheshimiwa."

"Ulikuwa unamfundisha nani?"

"Wanafunzi."

"Mimi nimeshafundishika," akadakia Mama Upendo, "nataka kuku."

Mzee Mwanja akanisogelea, akaninong'oneza sikioni, "Mwambie yalikuwa mazoezi, aondoke, utatupotezea mashine." Na kweli mdomo nilishaufungua, neno "mazoezi" liko kwenye ncha ya ulimi, Zainabu akasimama. Hakusimama kwa ujeuri, alikuwa anajivunia. "Mwalimu alitufundisha kwamba mkishakubaliana bei hakuna kugeuka. Sisi ni mashahidi."

Nikalitazama darasa. Macho yote yananiangalia, yanangoja nioneshe kuku walikofichwa. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba mwalimu wao alidhani anapatana na Festo. "Kuku wapo," nikasema, "tunakwenda kuwakusanya."

Sasa, wenye kufuga wanajua: kuku wa kienyeji hakamatwi mchana. Unangoja jioni waingie bandani wenyewe, unachukua kama unachuma matunda. Lakini Mama Upendo alitakiwa kuondoka kabla ya giza, kwa hiyo mji wa Singida ukashuhudia mwalimu mwenye suti ya harusi akikimbiza kuku jua la saa saba, na kidato cha tatu nyuma yake kama jeshi, tukapita nyumba hadi nyumba, kwenye mashamba ya alizeti, juu ya majabali. Na habari ilitutangulia. Nyumba ya kwanza kuku elfu moja na mia tano, ya tatu elfu mbili, ya sita hawakutaja bei kabisa, walinitazama tu suti.

Kwa bibi mmoja nikaona jogoo mwekundu. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia una haraka."

"Huyu jogoo, bibi, unipunguzie."

"Huyu ndiye anayeniamsha. Utakuja kuniamsha wewe?"

Nikatoa elfu mbili na mia tano. Mimi, Njiku! Wanafunzi wakatazamana, na mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Anamwachia bibi makusudi. Ana huruma."

Pesa ikaisha, mwalimu wa mitumba akachukua baiskeli yangu na mwalimu wa maandazi akachukua redio (kwa bei ya kunyonga, nao nilikuwa nimewafundisha mwenyewe). Kuku wakafika hamsini na wanane. Wawili wa mwisho niliwatoa nyumbani kwangu, mke wangu amesimama mlangoni, ameshika kiuno. Mama Upendo akahesabu, nikahesabu tena, akanilipa kwa elfu moja moja kama tulivyopatana, akaniambia, "Mwalimu, wewe ni mtu wa neno," akaondoka na mtaji wangu unawika.

Ofisa, ambaye alikamata kuku wawili kwa mikono yake na kuchana mfuko wa koti, alisema hajapata kuona somo linaloita gari kutoka Dodoma. Kompyuta tukapewa. Mzee Mwanja, Mungu amrehemu, akazifunika vitambaa na kuzifungia ofisini kwa muda mrefu, akihofia nisije nikauza mbuzi wa watu.

Mimi niliapa, na kiapo bado nakishika: siandiki popote, hata kwenye ukuta wa choo, kabla sijajua nani anasoma. Lakini siku zile nazikumbuka kwa mapenzi. Vumbi lile, watoto wale wanacheka na kuku kwapani, na mimi kijana bado naweza kuruka jabali.

Sasa hivi nimestaafu, nakaa Mandewa, humuhumu Singida. Wiki iliyopita amekuja Zainabu, siku hizi ndiye mkuu wa shule ileile, mama wa heshima, sauti haijapungua. Anaandaa walimu wake vijana kufundisha kwa mitandao, na anataka nije niwafungulie semina. "Mwalimu, uje uwaeleze ulivyolipanga lile somo," akasema. "Ulituletea mteja halisi, ukatukusanyisha mzigo, ukakubali hasara ili tuone neno la mtu lina thamani gani. Mimi niliingia ualimu kwa sababu ya siku ile."

Chai ikanipalia. Nilisema nitafikiri. Semina ni Jumatatu. Nishaurini, jamani: nikasimame mbele ya walimu wake niseme kwamba sikupanga chochote, au nimwachie Zainabu mwalimu aliyemfundisha?