Kaka Yangu Aliyechezea Jina la Marehemu

Ndizi za pombe zikishafukiwa shimoni na kufukizwa moshi, hutoa harufu tamu yenye ukali kidogo kwa mbali, harufu inayoganda kwenye nguo na nywele. Uwanja wetu wa Kirushya, wilaya ya Ngara, ulibanwa na migomba pande tatu, na nyuma ya goli la upande wa chini palikuwa na shimo la namna hiyo, mali ya jirani yetu mmoja mkali kama pilipili. Mpira ukipaa ukaangukia huko, ulirudi unanuka moshi, na mchezaji aliyeukumbatia alikwenda nao nyumbani mwilini. Ndiyo sababu kila nikipita leo karibu na shimo la ndizi linalofuka, hata kama nina haraka zangu, miguu hupunguza mwendo yenyewe. Namwona kaka yangu Deo akitoka mgombani na mpira kwapani, shati halina vifungo, anacheka. Ana miaka ya ujana na hazeeki. Huyo Deo ninayemwona hayupo tena, ingawa kaka yangu yu hai na juzi tu tumesalimiana kwa simu.

Niseme mapema kwamba majina ninayotumia hapa si yao. Nimewabadilishia, na Mungu anisamehe, maana kubadilishiwa jina ndiko kulikotuharibia nyumba.

Deo alitumia mguu wa kushoto. Alicheza peku, na akiupata mpira pembeni, wazee waliokuwa wamekaa chini walisimama hata kama magoti yanawauma. Sikuwahi kuona mtu anayepiga chenga kwa upole kiasi kile. Beki aliachwa amesimama, anajitazama miguu kana kwamba amesahau kilichomleta. Mimi nilikuwa darasa la nne na nilikuwa shabiki wake namba moja, mshika viatu asiyekuwa na viatu vya kushika. Tatizo letu lilikuwa shule. Deo alikuwa ameishia kidato cha kwanza, karo ikashindikana, akarudi kulima maharage na mama. Mashindano ya sekondari yalipoanza, wenzake aliowashinda kwa mbali walivaa jezi, naye alisimama pembeni na jembe begani. Mama alikuwa akimtazama na kunyamaza. Katika maisha yake yote mama yangu alitaka jambo moja tu kwa sauti, nalo ni Deo asome. Wazazi wake walifika nchi hii wakitokea Burundi wakiwa na mtoto mgongoni na mkeka kichwani, na aliamini kwamba kitu kisichoweza kunyang'anywa na mtu mpakani ni kile kilichomo kichwani.

Basi mwaka ule, mvua za vuli zilipokatika, akaja mwalimu mmoja kwa pikipiki kutoka shule ya binafsi kule Nyantakara, wilaya ya Biharamulo. Tumwite mwalimu Gwasa. Alikuja na ndoo ya pombe ya ndizi, kitenge cha mama na sukari, akakaa kwa adabu kama mshenga. Nilidhani amekuja kumposa dada yangu mkubwa, na dada mwenyewe alidhani hivyo, akakimbilia jikoni. Kumbe aliyekuwa anaposwa ni Deo. Mwalimu alimsifia mguu wake kwa maneno matamu mpaka baba akaanza kutabasamu. Alisema Deo atasoma bure hadi kidato cha nne, atapewa kitanda, sare, madaftari na viatu vya mpira. Kilichobaki, alisema, ni jambo dogo tu: mashindano hayawakubali wanafunzi wa kuokoteza, wale tunaowaita mamluki, kwa hiyo Deo angeingia kwa jina la mwanafunzi aliyekuwapo tangu mwanzo. Kijana huyo aliitwa Elias. Alikuwa amefariki kwa malaria.

Baba akainamisha kichwa, akakubali kwa kichwa hichohicho. Mama ndiye aliyeuliza, na namkumbuka alivyokuwa amesimama mlangoni, ungo wa maharage mkononi.

"Huyo mtoto ana mama, mwarimu?"

"Anaye."

"Mmemwambia?"

Mwalimu Gwasa akakohoa kidogo. "Wameshaganduka, mama. Mambo yamekwisha."

Hapo lazima nieleze. Kwetu sisi, msiba hauishii makaburini. Ndugu huendelea kuomboleza mpaka siku wanapokusanyika, wakanywa pombe, wakagawana alivyoviacha marehemu, wakapeana ruhusa ya kurudi katika maisha. Siku hiyo ndiyo kuganduka. Mwalimu alikuwa mtu wa huku, aliijua desturi vizuri, na kuijua kwake ndiko kulikompoteza. Mgeni kutoka mbali angeogopa kuligusa jina la marehemu. Yeye aliona kwamba kama shati la Elias limegawiwa, na baiskeli yake imegawiwa, basi na jina nalo limebaki tu pale, halina mwenyewe, laweza kumsaidia mtoto wa maskini. Alidhani anatenda wema. Hata leo siwezi kumchukia sawasawa, na hilo linanikera.

Deo alipoulizwa alisema, "Mimi nataka kusoma." Hakusema mpira. Watu husahau hilo wanapomsimulia.

Hapo awali mpango ule usingeonwa na mtu. Shule za Biharamulo zilikuwa na kundi lao, sisi wa Ngara na letu. Tulicheza na wenzetu wa kilima cha pili, tuliowajua hadi majina ya mbwa wao, na kelele zetu hazikuvuka mto. Lakini mwaka huohuo waandaaji wakakaa huko wanakokaa, wakayachora makundi upya. Wakatutenganisha na watani wetu wa miaka yote, wakatuunganisha na shule za mbali ambazo hatukuwahi hata kuzitukana. Walisema ni kwa ajili ya kuboresha ushindani. Mimi makundi mapya siyapendi tangu wakati ule, na vijana wa bodaboda wanaobishana mpira barazani kwangu, hapa Ngara mjini ninapofanya kazi ya kushona, wananiona mshamba wa kushikilia ya kale. Hawajui kwamba makundi yale mapya yaliileta shule ya Nyantakara icheze na shule yetu ya kata, mjini Ngara, mbele ya Kirushya nzima.

Tulikwenda kwa lori la maharage. Njiani hakuna aliyeimba. Kila mtu mzima mle ndani alijua kwamba tukimtaja Deo, tunapewa ushindi na kaka yangu anafukuzwa shule. Wazee walikuwa wamekubaliana tangu Jumapili, baada ya misa, kwamba Kirushya itakaa kimya. Nimeona mashabiki wakipigana, wakilia, wakirusha mawe. Sijaona tena mashabiki wakiumeza ushindi wao kwa ajili ya mtoto wa jirani. Mama alinishika sikio, hakulivuta, alilishika tu. "Usimwite Deo," aliniambia. "Leo hatuna mtu pale."

Deo akatoka na jezi ya njano, viatu miguuni, amenenepa kidogo kwa ugali wa bweni. Alitutazama mara moja akaangalia pembeni. Jamaa mwenye kipaza sauti alikuwa akiyatangaza majina kwa mbwembwe, na kila mpira ulipomfikia kaka yangu, aliimba, "Eliaas! Elias tena! Mwacheni Elias!" Watu wa Nyantakara wakaitikia. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa viganja viwili. Kipindi cha pili akaupokea mpira pembeni, akawaacha mabeki wetu wamesimama kwa ule upole wake, akautia kimiani. Uwanja ukalipuka kwa jina lile. Na upande wa pili, katikati ya watu wanaoruka, nikamwona mwanamke mmoja mwembamba aliyejifunga khanga kifuani, amesimama wima, haruki.

Alikuwa Mama Elias. Baadaye tulisikia kwamba watoto wa kijijini kwake walikuwa wakirudi kutoka shuleni wakiimba nyimbo za ushindi zenye jina la mwanawe, na kwamba alikuwa amenyamaza wiki nzima, kisha akaomba nafasi kwenye lori la mashabiki. Mpira ulipokwisha akaanza kuukata uwanja. Mwalimu Gwasa akamwona, akashika kichwa. Neno moja la mama yule mbele ya waamuzi lingetosha. Watu wetu wa Kirushya nao walielewa, wakasogea, na mama yangu akawatangulia wote. Nilimfuata nimeshika kitenge chake. Hivyo ndivyo nilivyosikia.

Deo akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

Yule mama alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama kwa utulivu kama anayechagua kitambaa sokoni. Kisha akasema, "Marahaba, Erias. Umekula?"

Kaka yangu alitutazama sisi. Aliutazama uso wa mama yangu, umbali wa hatua chache tu, na mama yangu hakutikisa kichwa wala kupepesa jicho. Angefanya nini? Shule ilikuwa hapo, kitanda, madaftari, kila alichokuwa amekiomba.

"Sijala, mama," Deo akasema.

Mama Elias akafungua pindo la khanga, akatoa karanga za kuchemsha, akazimimina mkononi mwake, akasimama akimwangalia anavyotafuna.

Hakuna aliyekata rufaa, na wapo Kirushya wanaosema mpaka leo kwamba tungekata tungefika mkoani. Tulirudi na lori lile lile. Mama hakulia njiani. Alilia alipofika jikoni na kukuta nimesahau kufunika mtungi wa maji, akanichapa kwa hilo, akalia.

Tangu siku hiyo yule mama alimchukua. Siku za kutembelea wanafunzi alikuwa wa kwanza getini, na kapu la viazi. Likizo zilipofika, Deo aligawanya siku, kwanza nusu kwa nusu, halafu nusu yetu ikawa inapungua. Nilimwonea wivu yule mama na nilimwogopa, maana sikuelewa kama alikuwa amechanganyikiwa au alikuwa na akili kutuzidi sote. Siku moja nilimuuliza Deo kama yule mama anajua kwamba yeye si Elias. "Anajua," alisema, "ila asubuhi huwa amesahau." Nami nikaona kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kugeuka haraka zaidi akiitwa kwa jina lile kuliko kwa lake. Alimaliza kidato cha nne kwa jina la Elias, akasoma chuo kwa jina la Elias, akaajiriwa kwa jina la Elias. Mguu wenyewe ulichakaa mapema, kama ilivyo kawaida ya miguu inayochezeshwa na watu wenye haraka. Mama Elias alipofariki, aliyetupa udongo wa kwanza alikuwa kaka yangu. Kila zinaposikika habari za kuhakiki vyeti, nyumba yetu hukosa usingizi, na mama huzima redio.

Leo mambo yamebadilika, tunaambiwa. Vijana wanasajiliwa kwa simu, mawakala wanatuma video, timu zinapandishwa na kushushwa na kuhamishwa makundi kila msimu mpaka shabiki huhitaji kuulizia anamchukia nani mwaka huu. Barazani kwangu ubishi mkubwa ni kama wanafunzi wanaocheza walipwe. Mimi nasema walipwe, tena mapema, tena wao wenyewe na siyo mwalimu wao. Vijana wananipigia makofi wakidhani naongea mambo ya kisasa. Ninachowaza mimi ni kwamba kaka yangu alilipwa kila kitu alichoahidiwa, hawakumdhulumu hata daftari moja, na bado sijui tumdai nani Deo wetu.

Mwezi uliopita alikuja Kirushya na binti yake, Neema. Mguu wa kushoto ameurithi. Amesajiliwa na timu ya wasichana huko Mwanza, kwa mkataba halali, umesomwa na kila mtu, na alitaka bibi yake amwone na jezi mpya. Mama sasa haoni vizuri na hakuwahi kujua kusoma. Alimgeuza yule mtoto, akapitisha kidole taratibu juu ya herufi zilizobandikwa mgongoni, moja baada ya nyingine.

"Hapa wameandika nini?" akaniuliza.

"Elias, mama. Jina la baba yake."

Kaka yangu alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, anatazama chini. Mama akaendelea kupapasa zile herufi, mpaka ya mwisho, kisha akapapasa kitambaa kitupu baada yake, kama kuna kitu zaidi.

"Na wangu mimi wamemwandika wapi?"

Nilimtazama kaka nikisubiri ajibu yeye.

"Hajaandikwa popote, mama," nikamwambia.