Chai ya Asubuhi kwa Marehemu

Nilikwenda Minnesota kusomea uzamivu wa isimu, lakini mambo mengi niliyojifunza huko niliyapata katika nyumba ya mbao kwenye mji mdogo wa Hopkins, kwa mjane wa Kijapani aliyenipangisha chumba cha juu. Baada ya vita aliolewa na askari wa Kimarekani, akamfuata hadi kwenye theluji ya huko. Mumewe alifanya kazi kiwandani katika mji wa Fridley mpaka alipofariki. Watoto hawakujaaliwa. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita Mwalimu, hata akinikuta nimejifunga khanga nafua soksi.

Mwanangu mdogo nilikuwa nimemwacha nyumbani Machame kwa mama yangu.

Siku ya kwanza niliingia na viatu vyenye theluji. Mama hakugomba. Alipiga magoti, akavigeuza vikatazama mlango, akaniletea ndala za kitambaa. Za chooni zilikuwa nyingine, na ole wako utoke nazo humo. Jioni moja nilichomeka vijiti vya kulia wima katikati ya wali. Akavichomoa upesi.

"Kuvisimamisha hivyo ni kwa msiba, Mwalimu."

Ni kuoga tu ambako hakunifundisha. Kwao mtu hujisugua na kujisuuza kwanza pembeni, akishatakata ndipo aingie kwenye maji ya moto kujiloweka. Aliponiona natumia ndoo na kopo alifurahi kama aliyekutana na ndugu.

Kila alipotoka dukani alisimama mlangoni akasema, "Tadaima." Mwanzoni nilidhani kuna mtu mwingine ndani. Kumbe maana yake ni nimerudi, na aliyebaki nyumbani humjibu, "Okaeri," yaani karibu tena kwako.

"Kabla sijahamia, nani alikuwa anakujibu?" nilimuuliza.

"Hakuna. Ila mtu haingii kwake kimya kama mwizi."

Nikaanza kumjibu. Siku ya kwanza alibaki mlangoni kitambo, mifuko ikiwa mkononi.

Sebuleni palikuwa na kabati dogo jeusi, ndani yake picha ya mumewe. Kila asubuhi alimwekea chai, na upawa wa kwanza wa wali ulikuwa wake. Majira ya kuchipua yalipofika, dada yake alimwita Japani. Hakuwa amekanyaga kwao tangu aolewe. Alishona gauni jipya, akanunua zawadi za kujaza masanduku, kisha akanijia jikoni.

"Mwalimu, nani atampa chai?"

Mimi ni Mlutheri, mjukuu wa mwinjilisti. Nilisita. Halafu nikaona sura yake, nikasema nitampa.

Basi kila asubuhi nikawa natenga chai mbele ya yule Mzungu mwenye masikio makubwa. Kukaa kimya kuliniwia vigumu, nikaanza kumsalimu kwa Kiswahili. Kisha nikawa namweleza habari za mwanangu: kwamba ameota meno ya nyuma, kwamba sasa anamwita bibi yake mama. Hilo sikuwa nimemwambia mtu mwingine yeyote. Kule chuoni Waafrika Mashariki tulikuwa tukikutana na kuchangamka, kila mmoja akisema kwao ni salama tu.

Mama alirudi kabla ya siku aliyotaja. Nilisikia teksi, nikashuka mbio. Hakusema "Tadaima" mlangoni. Nilitangulia mimi: "Okaeri." Akavua viatu, akaketi sakafuni na koti lake.

"Walinipokea vizuri mno," alisema. "Kama mgeni. Dada hakuniruhusu hata kuosha kikombe. Nikizungumza, watoto wa dada wanacheka. Eti Kijapani changu ni cha marehemu bibi yao, sasa hakuna anayesema hivyo. Nyumba yetu imevunjwa, pameegeshwa magari. Nilikaa miaka yote hii nikiitamani nyumba ile, Mwalimu. Jiko lake, mlango wake. Nilikuwa natamani maegesho ya magari."

Nilimshika mkono, na yeye, ambaye watu wa kwao hawashikanishikani ovyo, akauacha mkono wake ndani ya wangu. Baadaye nikachemsha maji.

Jumapili ile, alfajiri kwangu na baada ya ibada kwao, nilipiga simu ofisini kwa mchungaji Machame, ambako mama yangu alizoea kunisubiri.

"Mama, lile jiko la nje bado lipo?"

Akacheka. "Litakwenda wapi? Mwanangu, una homa?"

"Nieleze lilivyo sasa."

"Nieleze jiko?"

"Jiko, na uani, na nani analala chumba kipi. Kila kitu."

Mbele ya mchungaji lazima aliona aibu. Kisha akaanza: mlango wa jiko umelegea bawaba, migomba ya nyuma imeangushwa na upepo, kuku mwekundu anaatamia chini ya kitanda changu na hakuna anayethubutu kumfukuza. Mwanangu alikuwa karibu naye. Nilimsikia akimsahihisha kwamba kuku si mwekundu, ni wa kahawia. Nikamwomba mama asimkatize.