Uso wa Mke wa Mchongaji

Kwa kuchonga nyuso za mawe ya makaburini, mzee yule hakuwa na mpinzani. Hata ukimletea marehemu asiyeacha picha, hakubabaika. "Niletee ndugu yake wa damu," alikuwa akisema. Anamkalisha huyo ndugu kwenye benchi, anamtazama weee, kisha anapunguza pua hapa, anaongeza shavu pale, kama wafiwa walivyomwelekeza. Wenyewe wakija kulichukua jiwe wanalia mpaka basi. Hapo ndipo anapojua kazi imekubali.

Basi mkewe naye akafa. Mwanamke yule na kamera walikuwa paka na panya. Akiiona tu, mtandio usoni. Hakuacha picha hata moja ya maana, na mzee alichokiogopa kuliko upweke wenyewe ni kumsahau sura. Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye majirani walizoea kumchanganya na dada yake.

"Kaa hapo, shemeji. Usicheke tu."

"Nicheke nini na msiba huu?"

Kila asubuhi anakuja, anakaa, vumbi linamjaa kwenye kope. Mzee anagonga tindo, anakohoa, anagonga tena. Mwanzoni alikuwa akijisahihisha kimoyomoyo: mke wangu macho yaliingia ndani zaidi, na mdomo wa chini aliung'ata akiwaza. Baadaye akaacha. Ya nini kujisumbua, na sura ile pale mbele yake? Alikuwa amechoka, maskini, na huzuni haimpi mtu akili.

Jiwe lilipokwisha kupigwa msasa, akalifuta kwa kitambaa chenye maji, akamgeuzia shemeji yake.

Mwanamke alilitazama. Halafu akajishika shavu.

"Shemeji, huyu ni mimi."

"Hebu angalia vizuri."

"Nimeangalia. Dada hakuwa hivi. We mwenyewe unajua."

Mzee alitaka kubisha. Akafumba macho amtafute mkewe, aone kosa liko wapi, kisha alirekebishe kabla jiwe halijapelekwa. Akamtafuta jikoni. Akamtafuta kitandani, alipokuwa mgonjwa. Akamtafuta hadi siku ya ndoa yao, miaka yote ile nyuma. Na kote huko, aliyegeuka kumtazama alikuwa shemeji.