Mlango wa Chuma wa Soweto

Mwezi uliopita dalali mmoja hapa Iringa alinichoka kabisa. Kanionyesha nyumba nzuri, sebule ina marumaru, maji yako ndani, na mimi namuuliza swichi kubwa ya umeme iko wapi na ufunguo anao nani. "Dada, wenzako wanaulizia choo," akaniambia. Nikacheka naye, ila sikuingia hata chumba kimoja mpaka nilipoiona swichi kwa macho yangu. Wewe ni mtu wangu, kwa hiyo acha nikusimulie kilichonifanya niwe msumbufu namna hii.

Nimekulia Mbeya, Soweto, kwenye nyumba ya kupanga, mimi na bibi mzaa mama. Vyumba sita vilitazamana kwenye korido moja, chetu kikiwa cha kwanza ukiingia. Mlango wa mbele ulikuwa wa chuma, juu umewekwa nondo zenye nafasi ya kupitisha mkono. Ule wa nyuma mwenye nyumba aliuziba kwa matofali, akajenga stoo yake pale, mlango wake ukifungukia nje, na swichi kubwa ikabaki humo ndani. Akafunga kufuli, ufunguo akaondoka nao Chunya kwenye machimbo yake. Madirisha nayo yote yana nondo. Ukiwa ndani, njia ya kutoka ni ile moja tu.

Na hiyo moja ilikuwa inapiga shoti.

Si siku zote. Kiangazi ungeweza kuuegemea ule mlango ukasinzia. Ila mvua zikianza, na mvua za Mbeya unazijua, zikija hazina haraka ya kuondoka, ukuta ukilowa tu umeme unaingia kwenye chuma. Tukajifunza kuishi nao. Kandambili moja kavu ilitundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Unaishika hiyo, unasukumia komeo, ngozi haigusi kitu. Anayerudi kutoka nje amelowa anagonga dirisha letu na kusubiri, na kazi ya kumfungulia ilikuwa yangu. Nilijivunia kazi hiyo weee! Na sisi watoto tulikuwa tunashindana nani ataugusa kwa ncha ya kidole bila kuruka. Ujinga mtupu, Mungu tu alituangalia.

Mwenye nyumba alikuwa anakuja kiangazi, njia ikiwa imekauka. Wapangaji wanamzunguka: baba, tuletee fundi akague nyaya, huu mlango utatuulia mtu. Yeye anaweka kiganja kizima kwenye chuma, anatutazama mmoja mmoja. "Mbona mimi haunipigi?" Halafu lile neno lake la siku zote: "Mkiona haiwafai, nyumba Mbeya ziko nyingi." Hapo watu wazima wanarudi mmoja mmoja vyumbani mwao. Wangehamia wapi, na watoto shule iko jirani, na wateja wao wako mtaa huohuo? Mjumbe naye akasema hawezi kuvunja kufuli la mtu. Basi tukawa tunaomba mvua iwahi kwisha, sisi tulioishi na wakulima wanaoililia mvua.

Chumba cha pili alikaa mama mmoja muuza maandazi, mwembamba, mcheshi, ana watoto wanne na sweta moja la kijani. Kila akirudi na ndoo yake kichwani, andazi la kwanza lililobaki ni langu. "Chukua, bawabu wangu," anasema. Nilimpenda kuliko majirani wote.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa Machi, mvua inapiga bati mpaka mnaongea kwa kupiga kelele. Bibi yuko chumbani anachambua maharage. Mimi nimekaa koridoni kwenye jiko la mkaa, nachoma hindi bichi. Mara dirisha likagongwa. "Mwanangu, nifungulie, nimelowa chapachapa!" Nikaitika nakuja. Hindi upande mmoja lilikuwa limeiva, nikaligeuza kwanza. Akagonga tena. Nikaitika tena, nikaligeuza tena. Nikwambie ukweli? Sikuwa nimesahau, wala sikushindwa kusikia. Nilikuwa nalitaka hindi langu lisiungue.

Nikasikia ndoo ikianguka.

Alikuwa amepitisha mkono kwenye nondo ajifungulie mwenyewe. Vidole vimelikamata komeo na haviachii. Bibi akatoka mbio na mchi wa kinu, akampiga mkono mara ya kwanza, mara ya pili, ukaachia, mama wa watu akaanguka kule nje. Bibi akalisukuma komeo kwa uleule mchi. Lilikuwa limepinda kwa yale mapigo, haliendi mbele wala nyuma. Tukabaki pale, bibi, mimi na wapangaji wenzetu, tunamtazama kwenye nondo, mvua inampiga usoni na hatuwezi hata kumgeuza. Bibi akawa anamwita jina, anamwita, huku analia. Nilitamani ukuta upasuke.

Mwalimu wa nyumba ya jirani ndiye aliyekuja na shoka, akavunja stoo, akazima umeme, akaligonga komeo kwa jiwe mpaka likang'oka. Tulipotoka alikuwa ameshakata roho.

Mwenye nyumba alikuja matope yalipokauka. La kwanza kuuliza, nani kavunja kufuli langu. Fundi akaletwa. Kazi aliianza asubuhi, na chakula cha mchana kilikuta ameshamaliza na kuondoka.

Mwaka jana nilirudi Soweto kuwatafuta watoto wa yule mama. Nyumba imebomolewa, pamejengwa maduka ya simu. Korido ile, moshi wa mkaa uliolowa, vishindo vya wapangaji, hakuna hata mtu wa kumuuliza. Bibi naye tulishamzika. Lakini pembeni kidogo nikamkuta binti mdogo wa yule mama, ana mgahawa wake, mtu mzima sasa. Akanikumbatia, akaita wateja wake waje wanione. "Huyu bibi yake alipigana kumwokoa mama yangu," akawaambia. "Ninyi, dada, nitawashukuru mpaka nakufa."

Nilikuwa nimetoka Iringa na maneno yangu nimeyapanga. "Siku ile mama aligonga," nikaanza, "mimi..."

"Kula kwanza, dada," akasema, ananisogezea sahani.

Nikala.