Springi Laini Siku ya Posa

Jamani, hii ningeendelea kuificha, lakini kwa kuwa mtaa wetu wa Wiyoni mzima unaisimulia, tena wakiitia chumvi, bora niiseme mwenyewe: mimi Athmani nilipeleka posa, nikafika ukweni nikiwa marehemu.

Chanzo ni gari. Nilinunua gari la michezo, jekundu, milango miwili, limekaa chini hata paka hapiti uvunguni, na mimi naishi kisiwani Amu ambako tunapanda punda (najua, mshanicheka vya kutosha), kwa hiyo lililazwa ng'ambo bara, Mokowe, na kila Jumamosi navuka kwa boti kwenda kulitazama. Mzee Bakari, babake Swafiya, binti niliyetaka kumposa, aliposikia alisema akili ya kijana huyo ina walakini, atawapokea wazee wangu mara moja tu, wasipomridhisha kuna mposaji mwingine Mombasa anangoja. Na Swafiya nilikuwa nampenda, siwafichi, hata chakula kilikuwa hakipiti.

Kwetu mwenye kuposa haendi mwenyewe, huenda wazee, ila kijiji cha akina Swafiya kiko ndani huko bara na dereva ni mimi, ikaamuliwa niwapeleke kisha nijifiche garini. Kariuki, fundi wangu wa Mokowe, akaniuliza, "Bosi, hizi springi tuweke ngumu ama laini? Hiyo barabara ni mbaya, mimi ningekaza." Yaani zikiwa ngumu gari linarusha watu lakini haligusi chini, zikiwa laini unakaa kama sofani lakini tumbo linashuka. Badala ya kumsikiliza fundi nikalipeleka swali barazani, kwa watu watano wenye punda na mchonga milango mmoja, wote hawajawahi kushika usukani, wakabishana kuanzia alasiri hadi magharibi. Ami yangu Mselem, ndugu wa baba na ndiye msemaji wa posa, akakata shauri: "Lainisha, mwanangu. Nyonga zangu hazitaki ndia ya mashimo." Nikampigia Kariuki, laini kabisa.

Siku ikafika. Ami na wazee wenzake wawili wakajipenyeza ndani na kanzu zao, na juu ya paa tukafunga zawadi ya mama mkwe, zulia lililokunjwa, tukalizungushia shuka jeupe lisipate vumbi. Lami ilipoisha tukaingia njia ya mchanga yenye tuta katikati, gari likalala juu ya tuta kwa tumbo, magurudumu yanazunguka bure.

"Athmani," akasema Ami, "hili ni gari au mkeka?"

Spana ya kukazia alibaki nayo Kariuki. Wazee wakashuka, gari likainuka kidogo, likawa linapita mradi lisisimame, basi mimi nikaenda mwendo wa kobe, vioo nimefunga kwa vumbi, wao wakafuata kwa miguu, kimya, wameinamisha vichwa kwa hasira.

Sasa hebu tazameni: gari linatambaa, juu kuna kitu kirefu ndani ya shuka jeupe, nyuma wazee watatu wa kanzu na huzuni zao. Kwetu jeneza likipita huulizi ni la nani, unaacha jembe unasindikiza, ni thawabu. Watu wakaacha majembe. Kwenye kioo nikawaona wanne, mara kumi, mara siwezi kuwahesabu, nikadhani wamelipenda gari (ujinga wangu huo), nikawapungia mkono. Ami akawa anajaribu kuwaeleza, lakini sauti yake ilimezwa na "La ilaha illa Llah".

Uani kwa Mzee Bakari nikazima gari, nikainama chini ya usukani kama tulivyopanga. Vijana waliotusindikiza wakafungua kamba, wakalitia zulia mabegani na shuka lake. Wenye nyumba wakamwona Ami yangu katikati ya msiba na mimi sionekani, na hapo kutoka ndani nikasikia ukelele: "Athmani wangu! Sitaki mwingine, nizikeni naye!" Alikuwa Swafiya, mbele ya kijiji kizima.

Nikafungua mlango nikasema, "Nipo hapa."

Jamani! Wenye miguu walikimbia. Zulia likatupwa, likajikunjua pale uani na maua yake, na juu yake akabaki Ami Mselem peke yake, maana nyonga hazimruhusu kukimbia, akasafisha koo, akaanza: "Bwana Bakari, tumekuja kwa jambo la kheri."

Mzee Bakari akanitazama, akamtazama bintiye aliyejifunika uso kwa leso, akashusha pumzi. "Nitamuoza nani tena huyu," akasema, "na nti nzima imemsikia?"

Ndivyo nilivyokubaliwa, si kwa sifa, kwa aibu. Gari nimeliuza, na nimeapa swali la fundi litajibiwa na fundi, barazani nitapeleka habari za mpira. Ila Swafiya, mke wangu sasa, hajanisamehe. Nikilalamika kichwa tu kinauma, ananiambia siku nitakayokufa kweli nisitarajie chozi, kunilia yeye ameshamaliza.