Maman Eulalie na Mwanamke Aliyeachwa na Kamera

Hapa Nguba, mtaa wa Bukavu, ukimuulizia Maman Eulalie mshonaji, utaulizwa ni Eulalie yupi. Uliza Maman Solène, na utafikishwa mpaka mlangoni.

Solène ni jasusi wa kwenye televisheni. Kila Jumapili alasiri anaruka kuta, anabadilisha nywele na pasipoti, anamlaghai balozi huyu au yule, na anasema Kifaransa cha haraka, cha puani, ambacho nusu ya akina mama wa mtaa hawakifuati. Maman Eulalie anakifuata. Kwa hiyo watu wakishatoka misa na kula, huja kwake. Cherehani husukumwa ukutani, mabenchi huingizwa, vitambaa vya wateja huhamishiwa kitandani visije vikakaliwa, na yeye husimama kando ya skrini na kusema kila neno kwa Kiswahili. Wazee wakikwama, anahamia Kimashi, lugha ya nyumbani.

Ana sharti moja, na amelitamka mara nyingi hata watu hulisema pamoja naye: "Mi siongezi, sipunguzi. Solène akinyamaza, na mi nanyamaza."

Sharti hilo ndilo lililompa heshima. Papa Théodore wa ng'ambo ya barabara ana skrini kubwa zaidi na jenereta yake mwenyewe, na aliwahi kujaribu kutafsiri. Alieleza mabusu yote, akaruka siri zote. Wasikilizaji wakarudi kwenye mabenchi ya Eulalie, na tangu hapo Papa Théodore hajasahau. Naye Eulalie anajua alichonacho. Mumewe ni marehemu, watoto wake wametawanyika, wiki nzima anashona nguo za harusi za watu wengine. Jumapili ni yake. Akifungua mdomo, hakuna anayethubutu kukohoa.

Ndiyo maana nataka kueleza Jumapili ile Solène alipokuja Bukavu.

Tangazo lilikuwa limepita wiki nzima: sehemu inayofuata, Solène atashuka Bukavu kutafuta faili la madini. Mtaa ulichemka. Watu walikuja hata kutoka Kavumu, wengine wakabaki nje wamening'inia madirishani. Neno BUKAVU lilipoandikwa chini ya skrini, vigelegele vilipigwa kama bibi harusi ameingia. Koko Euphrasie, bibi yetu na mzee kuliko sote, ambaye hukaa benchi la mbele kwa haki ya umri, alipiga makofi mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaanguka.

Kisha picha ikafunguka. Nchi tambarare kama meza. Vumbi jekundu. Mbuzi wawili waliokonda.

"Hapa ni wapi?" akauliza Koko Euphrasie.

"Ni Bukavu, koko."

"Na milima iko wapi?"

"Solène hajasema."

"Wameibeba pamoja na dhahabu!" akasema Bienfait, fundi wa simu, na sebule nzima ikacheka.

Tulicheka pia Solène alipofika kwenye kibanda cha nyasi kando ya ziwa lisilo na mwisho, akifukuzwa na wanajeshi. Mwanamke mmoja akamfungulia. Alikuwa amevaa kitenge kilichogeuzwa juu chini, ndege waliochorwa juu yake wote wamesimama kwa vichwa. Nilimwona Maman Eulalie akiuma mdomo, lakini sharti ni sharti, akanyamaza. Mwanamke yule alimficha Solène chini ya nyavu, akampa maji, akamtazama machoni na kusema jambo refu, kwa uchungu.

Tukamgeukia Maman Eulalie. Alikuwa ameinama kusoma maandishi ya chini ya skrini.

"Anasema nini?" akauliza Koko Euphrasie.

Haikuwa Kiswahili. Haikuwa Kimashi, wala Kirega, wala Lingala, wala lugha yoyote aliyowahi kuisikia mtu pale ndani. Ilikuwa sauti tu, kama mtu anayesukutua mdomo.

"Eulalie, nakuuliza. Anasema nini?"

"Wameandika hapa chini: anazungumza lugha ya wenyeji."

"Wenyeji ni nani?"

"Ni siye, koko."

"Sasa mbona mi sisikii?"

Hapo hakuna aliyecheka. Wanajeshi waligonga. Mwanamke akamsukuma Solène kutokea mlango wa nyuma, mpaka kwenye gari, kisha yeye akarudi mlangoni kuwakabili. Kamera haikurudi naye. Iliingia garini pamoja na Solène. Kwa mbali tukasikia risasi moja. Solène akafumba macho kidogo, akayafumbua, akapiga simu Paris kuuliza habari za faili. Muziki. Mwisho.

"Aliitwa nani yule mama?" akauliza Koko Euphrasie.

Maman Eulalie alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa skrini, akasoma majina yote yaliyokuwa yakipanda. Waigizaji, madereva, wapishi, hata aliyefundisha farasi, na farasi wenyewe hatukuwaona. Mwishowe akageuka.

"Wameandika: mwanamke wa kijiji."

"Kijiji gani tena? Si walisema Bukavu?" akasema Bienfait, lakini kwa sauti ya chini.

Maman Eulalie akazima televisheni. "Imekwisha. Mi sitafsiri tena."

Papa Théodore alikuwa amesimama mlangoni. Nadhani alikuja kuhesabu wateja. "Aa, Maman Solène! Iko filme tu! Wale watu wanakufa, wanalipwa, wanaenda kunywa bière."

"Usiniite ile jina, Papa Théodore. Solène iko na mudomo yake. Na mi niko na yangu."

Mimi nilikuwa nawaka. Nimesoma historia chuo kikuu, na kichwani nilikuwa tayari nimeandika barua ya malalamiko kwa wenye televisheni. Nilimweleza. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeomba ruhusa ya kulia.

"Hugues, utawaandikia uwaombe nini? Waturudishie milima? Mutu amekufa mbele ya macho yetu, na hatujui hata jina lake. Jumapili inayokuja tunaketi matanga. Hapa, kwa nyumba yangu."

Msomaji asiye wa kwetu aelewe. Mtu akifa hapa, tunaketi. Turubai linafungwa uani, chai inachemshwa, na kila aliyemjua marehemu anasimama kusema alikuwa nani, alizaliwa wapi, alipenda nini, alimkosea nani. Hata mwizi hupewa saa yake. Hakuna anayeondoka duniani akiitwa mtu wa kijiji.

Lakini matanga ya mtu wa televisheni? Mtaa ulicheka mpaka ukachoka. Wateja waliokuja kupima nguo walimpa pole kwa sauti za kuigiza. Papa Théodore alitangaza kwamba Jumapili Solène atakuwa kwake: skrini kubwa, viti vya plastiki, na mtafsiri mwenye akili timamu. Siku ya Jumamosi Gisèle, wifi yake Eulalie, alikuja na uso mzito.

"Wifi, watu wanasema umerukwa."

"Waseme."

"Na kesho wakienda wote kwa Théodore? Utapoteza watu wako. Hawatarudi."

"Ntaketi peke yangu. Turubai nimekwisha kuazima."

Alisema hivyo, lakini mkono wake ulikosea mshono, na Eulalie hakosei mshono.

Wapo watakaosema, kama Papa Théodore, kwamba ni filamu tu. Nawajibu: ni wapi kwingine dunia inapotuona? Wanapika nchi yetu bila kuonja, wanatufunga vitenge juu chini, wanatuwekea kelele mdomoni na kuziita lugha, kisha wanatuua nje ya picha ili damu yetu isichafue gari la mgeni. Na sisi tukae kwenye mabenchi yetu wenyewe, kwa umeme wetu wa kubahatisha, tupige makofi kwa sababu wameandika jina la mji wetu bila kosa? Hapana. Kama kukataa ni kichaa, basi Bukavu nzima ipewe kichaa hicho.

Jumapili ikafika. Chini ya turubai tulikuwa wachache hata aibu ilinishika: Koko Euphrasie kwenye mkeka, Bienfait, Gisèle aliyekuja akilalamika, mimi, na akina mama wachache wa kwaya. Viti vingi vilibaki vitupu. Kutoka ng'ambo ya barabara muziki wa Solène ulitufikia, na baada yake sauti ya Papa Théodore ikieleza busu.

Maman Eulalie alisimama. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na skrini kando yake.

"Jina lake ni Nabintu," akasema. "Alizaliwa Nyangezi."

"Nyangezi kwa nini, kule mbali na maji?" akadakia mama mmoja wa kwaya. "Yule ni mwanamke wa ziwa! Umesahau nyavu?"

"Aliolewa ziwani. Alizaliwa Nyangezi."

"Na mume wake?"

"Mulevi," akasema Gisèle, kabla hajajizuia. "Mutu mwenye mume muzuri hafungue mulango haraka vile."

"Wee! Bwana wake alikuwa muzuri, anavua visamaki vya sambaza, usiku ule alikuwa kwenye maji!" akapinga yule mama wa kwaya.

Wakabishana. Watoto wake ni wangapi, aliimba sauti gani kanisani, kitenge kile alikigeuza kwa haraka kwa sababu mlango uligongwa akiwa anavaa. Hilo la mwisho lilitoka kwa Maman Eulalie mwenyewe, na akina mama wakashangilia, maana hatimaye ndege wale walikuwa na maelezo. Watu wawili watatu waliokuwa wakipita njiani wakasimama kusikiliza, wakauliza marehemu ni nani, wakaketi.

Kisha akafika mahali ambapo sote tulijua atafika. "Sasa basoda, wale wanajeshi, wakakuja," akasema, na sauti ikamshuka. "Nabintu akarudi mulangoni. Na hapo ndipo..."

"Ngoja," akasema Koko Euphrasie. "Maiti uliiona?"

"Hapana, koko. Kamera ilienda na Solène."

"Kuna mutu hapa aliona maiti?"

Bienfait akatikisa kichwa.

"Basi tunaketi matanga ya nini?"

Hakuna pale asiyemjua Christophe, mwana wa koko. Alikwenda Shabunda kuchimba dhahabu, na wenzake wakarudi wakisema shimo limemfunika. Majirani walileta kuni na mikeka. Koko Euphrasie aliwarudisha na kuni zao.

"Hawakunionyesha kitu," akasema. "Sijaketi, na sitaketi. Na huyu wenu mumesikia risasi moja tu. Siye tumesikia ngapi kwa hii muji? Si tuko hapa, tunakunywa chai?"

Maman Eulalie akaisogelea meza. Kisha akakinyanyua kitambaa cheupe cha matanga kutoka mezani, akakikunja taratibu, na kumpa Gisèle akiweke ndani.

Ng'ambo ya barabara muziki wa mwisho ulipigwa. Muda si mrefu Papa Théodore akaja, nyuma yake kundi la watu wake, akasimama kwenye uwazi wa turubai akitabasamu.

"Maman, pole sana. Solène mwenyewe amesema leo. Amemwambia mukubwa wake: yule mwanamke alikufa kwa ajili yangu. Imethibitishwa."

"Risasi ilipolia, Solène alikuwa wapi?" akauliza Koko Euphrasie.

"Kwa gari."

"Alirudi kuangalia?"

Papa Théodore akageuka kuwatazama watu wake.

"Basi hajui," akasema koko. "Mwambieni asiseme vitu hajui."

Kicheko kilichofuata kilitoka hata kwa waliokuwa nyuma yake. Mmoja wao akampita begani, akavuta kiti. Mwingine akafuata.

"Papa Théodore," akasema Maman Eulalie, "ingia ao toka. Unatuzibia mwanga."

Papa Théodore akatazama viti vikijaa. Kisha akaingia, akaketi pembeni, mikono imekunjwa kifuani.

"Bon," akasema Maman Eulalie. "Basoda wakagonga. Nabintu akaweka komeo, akafunga kitenge vizuri, ndege wakasimama kwa miguu yao. Halafu akawauliza, kwa Kimashi safi kabisa, wanamtafuta nani hapa kwake, na nani amewafundisha kugonga mulango ya mutu vile."

"Na wao wakajibu nini?" akauliza Papa Théodore.