Mstari Unaopita Sebuleni kwa Dada

Ofisini walimwita Mama Vipimo, na jina hilo walimpa kwa ubaya. Mtu akisimama kwenye kikao akasema soko jipya liko karibu na stendi, yeye huuliza, "Karibu kwa vipimo gani?" Mwingine akisema mtaa fulani umejaa watu, huuliza, "Umejaa kwa vipimo gani?" Wakaona anawakera, wakambandika jina, wakacheka mpaka wakachoka. Yeye akalipokea kama cheo. Katika jengo lile zima la halmashauri, ghorofa tatu na ngazi zinazonuka mkojo wa paka, hakuona mtu mwingine aliyestahili jina lenye uhusiano wowote na kupima.

Alikuwa mtaalamu wa ramani na takwimu za ardhi katika idara ya mipango, mwaka wa ishirini na sita huo. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, baina ya stoo ya viti vilivyovunjika na choo cha wanaume. Humo mlikuwa na kompyuta mbili, moja nzima na moja ya kunyofolewa vipuri. Mlikuwa na mashine kubwa ya kuchapia ramani, ambayo wino wake wa bluu uliisha mwaka juzi na maombi ya wino mpya bado yako "mezani," kwa hiyo mito yote ya mji ilitoka ya kijivu. Na mlikuwa na kabati la chuma lenye droo pana, ambamo ramani za zamani zililala bapa, karatasi juu ya karatasi. Wakuu wa idara walikuja wakaondoka, saba kwa hesabu yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuivuta droo ile.

Wa nane ndiye aliyekuwapo sasa. Huyu walimwita Tuko Pamoja, kwa sababu kila akimaliza kusema lazima amalizie na "tuko pamoja," hata kama ndiyo kwanza amemtimua mtu kazi. Kazi yake ilikuwa kusaini. Kusoma ramani hajui, hajui kabisa, wala haimkoseshi usingizi. Siku moja alisimama mbele ya ramani ya mji akitikisa kichwa kwa busara, "mm, mm," kumbe mhudumu ameibandika kichwa chini miguu juu. Mama Vipimo alimpita. Alikwenda zake kunywa chai, akarudi, akamkuta bwana mkubwa bado anatikisa.

Basi ikaja habari ya barabara. Halmashauri ilitaka kupanua barabara ya pembezoni mwa mji. Eneo la barabara hiyo lilipimwa zamani sana, likachorwa kwenye mojawapo ya karatasi za ile droo. Kulitoa pale na kuliweka juu ya picha ya setilaiti, ili ijulikane ni nyumba zipi zimo ndani yake, ni kazi ya asubuhi moja. Lakini kazi ikifanywa na mama wa mwisho wa korido, aliyevaa kandambili, nani ataiheshimu? Wakamleta mshauri kutoka nje, bwana wa viatu vya ncha na kompyuta nyembamba kama sahani. Akakaa wiki tatu, akatoa ramani ya rangi saba, kila herufi na kivuli chake. Madiwani wakapiga makofi, muhuri ukapigwa. Wiki iliyofuata wafanyakazi wa halmashauri wakabeba kopo la rangi nyekundu, wakapiga alama ya X kwenye nyumba arobaini na moja za mtaa wa bondeni.

Mama Vipimo aliiona ramani hiyo ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, na hata dakika moja haikuisha kabla hajaliona kosa. Mto ulikuwa unapita juu ya paa la shule! Reli nayo imekatiza katikati ya uwanja wa mpira, kama vile treni inakwenda kufunga bao. Loo! Alitazama huku na huku kama kuna mwenzake wa kucheka naye, akakosa.

Kosa lenyewe lilikuwa la aibu. Ramani za zamani zilipimwa kuanzia chanzo kimoja, na setilaiti inahesabu kuanzia chanzo kingine. Ukizichukua namba za huku ukazibwaga kule bila kuzibadilisha, kila kitu kinahama mita mia mbili na ushee. Mto unahama, reli inahama, na barabara inahama. Kompyuta ina amri yake ya kubadilisha, ya kubonyeza mara moja tu. Watu wa nyumba arobaini na moja walikuwa wanakwenda kuvunjiwa kwa sababu bwana viatu vya ncha hakubonyeza, na ukumbi mzima wa watu wazima wenye tai ukautazama mto ukipita juu ya shule, ukapiga makofi.

Hakukimbilia kwa mkuu. Thubutu! Alitaka kwanza aichore sawasawa, halafu awawekee mezani, awatazame nyuso. Alifunga mlango, akavuta droo, akaitoa karatasi, akasoma namba moja baada ya nyingine, akazibadilisha inavyotakiwa. Mto ukarudi mtoni, reli ikarudi relini. Barabara nayo ikasogea, ikaondoka bondeni, ikapanda upande wa pili ambako nyumba ni chache. Alihesabu tisa. Kutoka arobaini na moja hadi tisa! Akajisikia raha, raha ya kweli, akawa anazikuza nyumba hizo kwenye kioo moja moja ili aziorodheshe.

Ya saba ilikuwa na bati la bluu lililopata kutu pembeni, tangi jeusi la maji, na kibaraza cha mbele chenye turubai la mistari. Turubai lile alilinunua yeye mwenyewe.

Ilikuwa nyumba ya dada yake mkubwa, fundi cherehani, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka sita na dada kumi na tisa. Dada alikataa kuolewa mpaka mdogo wake amalize chuo, na baada ya hapo hakuolewa kamwe. Nyumba ile aliijenga chumba baada ya chumba, na cha mwisho kilikuwa cha mbele, chumba cha kushonea, kilichoelekea njiani ili wateja wamwone. Siku alipokuwa anataka kukijenga alimwambia mdogo wake, "Wewe si ndiye mtu wa ramani? Hebu niangalizie kama hapa pana usalama." Naye, mtaalamu, aliyekuwa akiwauliza watu wote vipimo gani, vipimo gani, akajibu, "Pako salama, Dada," bila hata kuinuka kitini. Mawe ya mipaka yalishang'olewa zamani na hakuna aliyekuwa akiyakumbuka. Karatasi ilikuwa kwenye droo yake, hatua nne kutoka alipoketi.

Akapima tena. Akapima mara ya tatu, safari hii akimwomba Mungu awe amekosea, jambo ambalo hajawahi kuliomba maishani. Hakuwa amekosea. Mstari wa barabara ulipita sebuleni kwa dada ukatokea chumba cha kushonea.

Kwa siku tatu aliifungia ramani yake drooni. Watu wa bondeni walikuja halmashauri kila asubuhi, wakajipanga kwenye korido na bahasha zao mkononi, naye akawapita akienda chumbani kwake, akitazama sakafu. Alijidharau. Miaka yote alikuwa na watu wa kuwadharau, wengi tu, wa kutosha kila ghorofa, na sasa akajikuta yumo kwenye orodha. Hilo hakuliweza. Siku ya nne akaichapa ramani, mto wa kijivu na yote, akaenda nayo kwa Tuko Pamoja.

"Mama, ile si imeshapigwa muhuri?" mkuu akasema kabla Mama Vipimo hajaketi.

"Hii ni nini?" Mama Vipimo akamwuliza, akiweka kidole kwenye ramani ya mshauri iliyokuwa mezani.

"Ni... shule?"

"Shule. Na huu unaopita juu yake?"

Mkuu akainama, akavaa miwani, akaivua. Uso ukamshuka. Kazi hakuijua, lakini aibu aliijua inavyonuka ikiwa bado mbali, na akaona tayari wakili wa watu wa bondeni amesimama mahakamani akiuliza swali hilohilo. Akakubali hapohapo. Yataitwa marekebisho madogo ya kitaalamu, alama za bondeni zitafutwa, mshauri ataandikiwa barua. "Kwanza nyumba tisa tu!" akasema, akisugua viganja. "Mama, umetuokoa. Tuko pamoja." Halafu akamtazama. "Mbona wewe hufurahi?"

Hakutaka kumwambia. Maneno yakamponyoka. "Hiyo ya saba ni ya dada yangu."

Mkuu akanyanyuka, akafunga mlango, akammiminia maji kwenye glasi yake mwenyewe. "Sasa hilo nalo ni la kukutoa roho? Tunaupinda mstari. Si hapa uliwahi kupindwa mwingine kwa ajili ya diwani, kabla yangu, ukakikwepa kituo chake cha mafuta? Tushindwe kwako, uliyetumikia hapa miaka yote hii?"

Ni kweli waliupinda, na mkono ulioupinda kwenye kompyuta ulikuwa wake, kwa barua yenye saini ya mkuu wa saba. Mwezi mzima alikipita kituo kile akitazama upande wa pili.

"Tukiupinda unaangukia kwa nani?" akauliza, ingawa alijua. Ng'ambo ya njia alikaa fundi viatu na mke wake.

"Huyo tutamweleza."

"Mtamweleza nini?"

"Ah, Mama. Si utaalamu? Tutasema ni utaalamu."

Alitazama glasi ile ya maji. Alimwona mtu aliyesimama mbele ya ramani iliyogeuzwa akitikisa kichwa, mtu huyohuyo sasa anamfanyia hisani, na kesho atakutana naye kwenye ngazi atamkonyeza, na kila mstari mwingine utakaopindwa tangu siku hiyo mpaka astaafu ataupinda bila kufungua mdomo. Damu ikampanda.

"Mimi si diwani," akasema. "Saini hivyo ilivyo."

Na yule bwana, asiyezoea kusoma anachosaini, akasaini.

Jumamosi mchana alikwenda kwa dada. Alimkuta kwenye cherehani anapinda pindo la sketi za shule, pini zimejaa mdomoni. Akavuta kigoda, akaeleza yote kuanzia mto na shule. Dada hucheka upesi, akacheka habari ya treni kufunga bao. Alipofika kwenye nyumba tisa akapunguza sauti, akasema, "Dada, na hii imo."

Mguu wa dada ukatulia kwenye pedali. Alitazama kuta, dari, mlango uliofungukia njiani. "Hao wa bondeni wamepona?"

"Wote."

"Afadhali," akasema, na alimaanisha. "Hapa niliuliza, lakini."

"Uliuliza, Dada. Nilikujibu ovyo. Nisamehe."

Dada akamkubalia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea mzigo ambao lazima aupokee. Ingeishia hapo. Lakini Mama Vipimo alikuwa amebeba jambo moja la kujivunia katika wiki ile yote, na hakuweza kuondoka nalo kifuani. Akasimulia mlango uliofungwa, glasi ya maji, mstari wa kupindwa, fundi viatu. "Nikamwambia, mimi si diwani!" Akasubiri.

Dada akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Fundi viatu nisingekubali avunjiwe kwa ajili yangu," akasema. "Ningekataa. Lakini ningekataa mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nyumba yangu hii. Ungekuja ukaniuliza."

"Dada, yule mtu ni mjinga, humjui. Hawezi hata..."

"Namjua, umenisimulia miaka." Sauti yake haikupanda. "Huyo mjinga wako siku ile alinifikiria mimi, mdogo wangu. Wewe ulikuwa unamfikiria yeye."